Walicheka makaburini, mama mmoja akalia kwenye kawa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Morogoro, natengeneza filamu fupi na wenzangu wanne kwa simu na maiki ya kukodi. Ya mwisho ina dakika 24. Kijana anaishi na mama yake muuza vitumbua, kila siku anarudi usiku wa manane, na mama anamwekea chakula chini ya kawa. Mama anafariki. Matanga yakiisha na wageni wakishaondoka, kijana anarudi usiku, anafunua kawa, hamna kitu. Hicho ni kipande kifupi tu, hata muziki sikuweka. Kisha siku ya arobaini anakwenda makaburini, analia dakika 4 mfululizo mpaka anagaagaa, na hapo nimeweka muziki wa huzuni. Tulipoionyesha kwa watu kama 60, vijana walicheka makaburini. Lakini kwenye kawa mama mmoja wa mstari wa mbele alijifuta macho. Nimekosea wapi, na ni nini hasa kinachofanya filamu imguse mtu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na yule mama, maana katika watu wote 60 yeye ndiye aliyekusaidia zaidi.

Mtazamaji halii kwa sababu mhusika analia. Analia pale anapojua jambo zito na filamu ikamwachia alimalizie mwenyewe. Kwenye kawa, kazi ya kujumlisha aliifanya yeye: kawa ni lile lile, saa ni ile ile, mezani ni pale pale, mpakuaji hayupo. Hilo neno “hayupo” halikutamkwa na mtu yeyote ndani ya filamu yako. Alilitamka yeye kimoyomoyo, na kwa kuwa lilitoka kwake, lilimchoma. Makaburini hukumwachia hata chembe. Mhusika analia, muziki unalia, kamera inamkodolea macho anayelia, na hayo yanakwenda kwa dakika 4. Mtazamaji amekaa mikono mitupu.

Kicheko cha wale vijana usikihesabu kuwa utovu wa adabu. Mtu anayedaiwa huzuni ambayo bado hajaipata anaona haya, na kicheko ndicho mlango wa karibu wa kutokea. Kwa vijana wa kiume waliokaa pamoja ni zaidi, kwa sababu tangu utotoni wameambiwa “jikaze”. Mmoja akicheka, wote wamepata ruhusa.

Najua utaniuliza: mbona filamu za Kihindi zimejaa vilio, na wazee wetu wa Unguja, Dar na Mombasa walizilia ukumbi mzima, wengi wao bila kujua Kihindi? Swali hilo ni la haki na lina jibu. Chukua Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Kijana mhalifu hajui kwamba hakimu mwenye heshima ni baba yake mzazi, na hakimu hajui kwamba kijana huyu ni mwanawe aliyemkana angali tumboni. Wewe uliyekaa kwenye kiti unajua. Kila wanapokutana, wewe peke yako ndiye umebeba habari ambayo ingewaokoa wote wawili, na huna namna ya kuwafikishia. Ujuzi huo unajaa taratibu kama maji kwenye pipa, saa nzima na zaidi. Kilio kinapokuja kwenye skrini, mtazamaji yuko tayari. Mhusika anamfuata mtazamaji, hamtangulii. Kwako kilio kimetangulia na pipa halijajaa.

Kwa hiyo la kwanza la kukagua ni hili: kufikia makaburini, mtazamaji anajua nini kuhusu mama na mwanawe? Ukiniambia “anajua wanapendana”, hicho si kitu cha kuonekana kwenye picha. Anachohitaji kujua ni kitu cha kushikika, na wewe unacho: kawa.

Ila kitu kama hicho kinahitaji kuonekana zaidi ya mara moja. Kipimo kinachofanya kazi katika filamu fupi ni mara 3, na kila mara iwe na maana yake. Mara ya kwanza tuoneshe desturi tu: mama anapakua, anafunika, anapunguza taa, sekunde 6 hadi 8 zinatosha, wala asiseme chochote. Mara ya pili kuwe na doa: kijana anarudi amekasirika au ameshiba chipsi za njiani, anafunua, anatazama, anafunika tena na kwenda kulala. Asubuhi, wali ule wa jana mama anauchukua bila neno na kuupasha moto aule yeye. Sini hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu hapa kijana anajikopea deni ambalo hatapata nafasi ya kulilipa, na mtazamaji analiona likiandikwa. Mara ya tatu ndiyo hiyo unayo, kawa tupu. Ukiikosa ya pili, ya tatu inabaki kuwa habari ya njaa tu.

Mara zote tatu piga kutoka mahali pamoja: urefu wa kamera ule ule, upande ule ule, ukubwa ule ule wa kawa ndani ya fremu. Kwa simu, tumia lenzi ya kawaida, usitumie ile pana inayovuta kuta, na weka simu kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Piga alama ya chokaa sakafuni ulipoweka miguu ya stendi. Sababu ni kwamba jicho la mtazamaji linakumbuka fremu hata kama yeye mwenyewe hajui kuwa anaikumbuka. Ukibadilisha pembe mara ya tatu, anaanza kutafuta yuko wapi, na zile sekunde ambazo angezitumia kuona pengo zinapotea.

Sasa uso. Huko Urusi, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alichukua shoti moja ya uso uliotulia wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha na picha tatu tofauti. Kwa masimulizi ya mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin, kulikuwa na bakuli la supu, marehemu ndani ya jeneza, na mtoto anayecheza. Watazamaji walimsifu mwigizaji: alivyoifikiria ile supu, alivyomhuzunikia marehemu, alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata nukta. Hisia walizitia wenyewe kutokana na picha ya jirani yake.

Kwenye sini yako hiyo ina maana mwigizaji asifanye kitu. Kawa likifunuliwa, onesha meza tupu kwa sekunde 3, kisha kata kwenda usoni na ukae hapo sekunde 6 mpaka 8, muda ambao mezani kwa mhariri utauona mrefu kupita kiasi. Asitikise kichwa, asifunge macho, asiseme “mama”. Ukimwambia mwigizaji “huzunika”, atakuletea sura ya huzuni aliyowahi kuiona kwingine. Mwambie afanye kazi: ahesabu kimyakimya nyufa za meza, au akumbuke alipoacha ufunguo. Na kama kuna machozi yanakuja yenyewe, mwagize ayazuie. Tunamtazama kwa huruma mtu anayepambana yasitoke. Yakishatoka, mapambano yamekwisha na sisi tunalegea. Hata msibani ni hivyo. Watu hawamwangalii sana anayepiga mayowe, macho yanakwenda kwa yule mtoto mkubwa wa marehemu anayezunguka kuuliza kama wageni wamepata chai.

Kuna sini moja ambayo ningependa uitazame mara tano, mara ya tatu bila sauti. Ni mwisho wa Ladri di biciclette (yaani Wezi wa Baiskeli), filamu ya Kiitalia ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948. Baba ameibiwa baiskeli, na bila baiskeli hana kazi. Ametafuta Roma nzima na mwanawe mdogo, Bruno. Mwisho, kwa kukata tamaa, anajaribu kuiba ya mtu mwingine na anakamatwa. Umati unamzonga, anapigwa kofi, kofia yake inaanguka chini. Mtoto anajipenyeza katikati ya miguu ya watu, anamng’ang’ania baba yake. Kisha anaiokota ile kofia na kuipangusa vumbi.

Simama hapo. Mtoto wa miaka michache, baba yake anadhalilishwa hadharani, naye anapangusa kofia. Hajaambiwa na mtu, wala haina faida yoyote kwa wakati ule. Lakini ndicho kitu pekee cha heshima ya baba yake ambacho mikono yake midogo inaweza kukiokoa. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto huyo na kusema mwizi aachwe. Halafu baba na mwana wanatembea, baba machozi yanamtoka, mtoto anamtazama na kumshika mkono. Kilio cha mtu mzima kimekuja mwishoni kabisa, kidogo, kikiwa kinafichwa, na wakati huo mtazamaji ameshalia. Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji. Nakutajia hilo ili usiseme tatizo lako ni waigizaji wasiosomea. Wasiosomea wanaweza, ukiwapa kitu cha kufanya na mikono.

Hapo pia ndipo penye jibu la kwa nini filamu inamtia mtu moyo, siyo kumliza tu. Mtazamaji hatoki na nguvu kwa kuona mtu mkubwa akifanya makubwa. Anatoka nazo akimwona mtu aliyebanwa pande zote akifanya dogo lililobaki ndani ya uwezo wake. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya mwaka 2018, inamhusu Jo, mtoto wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona, na kijiji kinaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa mwenye nguvu za ajabu. Habari ya ugonjwa tunaipata mapema, kwa hiyo kinachofuata kinaweza kuwa kicheko na michezo, na kila kicheko kinachoma. Hili lishike sana: furaha iliyowekwa juu ya ujuzi wa msiba ina nguvu kuliko huzuni iliyowekwa juu ya huzuni. Mama yako kwenye filamu anahitaji angalau sini moja ya kucheka na mwanawe mpaka unga wa vitumbua umrukie usoni.

Tuje kwenye uhariri. Walter Murch, mhariri na msanifu wa sauti wa Marekani, ameandika vigezo sita vya kuamua ukate wapi, akavipa na uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na vitatu vilivyobaki, yaani jicho la mtazamaji liko wapi, mpangilio wa vitu kwenye picha bapa, na mpangilio wao katika nafasi halisi, vinagawana 16. Ukitazama hesabu yake utaona kwamba hisia peke yake inashinda vingine vyote vikijumlishwa. Kwa vitendo: ukiwa na shoti mbili, moja ina mwanga mzuri na mkono wa kijana uko mahali sahihi, nyingine imetikisika kidogo lakini pumzi imemkwama kooni, chukua ya pili bila kujadili. Murch pia aligundua kwamba waigizaji wazuri hupepesa macho pale wazo linapoisha, na mara nyingi hapo ndipo pa kukata. Pitia klipu zako fremu kwa fremu, utaliona jambo hilo kwa macho yako.

Sauti nakuomba uikague kabla ya kulaumu chochote kingine, kwani nina shaka kubwa kwamba nusu ya kile kicheko ilitoka huko. Kuna makosa matatu ambayo klipu ndefu ya kilio iliyopigwa kwa simu huwa nayo.

La kwanza ni sauti kupasuka. Ukiwa umepima maiki kwa mazungumzo ya kawaida, mayowe yanagonga 0 dB, yaani kikomo cha juu cha kifaa cha kurekodi, na kukatwa kichwa. Kilio kilichopasuka hakisikiki kama kilio cha mtu, kinasikika kama mzaha, na spika za ukumbini zinakiongezea. Kwa sini yenye mayowe, mwigizaji ajaribu kwanza kwa nguvu zake zote, kisha shusha kipimo mpaka kilele chake kisipite −6 dB, hata kama maneno ya kawaida yatakuwa chini. Hayo utayapandisha baadaye. Kilichopasuka hakishoneki.

La pili ni sauti kuachana na midomo. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo thabiti wa fremu, yaani idadi ile ile ya picha kila sekunde. Zinapandisha na kushusha zenyewe kulingana na mwanga. Kwenye klipu ya sekunde 20 huoni kitu, kwenye ya dakika 4 sauti ya maiki ya pembeni inaweza kuteleza fremu kadhaa kufikia mwisho. Katika mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Sikio la kawaida linaanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, yaani fremu moja na kidogo, na ikichelewa kwa 125, yaani fremu 3. Mtu hatakwambia “sauti imeteleza”, atahisi tu kwamba anayelia anaigiza. Dawa: kabla ya kuhariri, pitisha klipu zote kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua mwendo thabiti wa 25, kisha ndipo uziunganishe na sauti ya maiki. Klipu ndefu zikate vipande na kulinganisha kila kipande upya.

La tatu ni muziki. Muziki ukianza kabla mtazamaji hajaelewa, anauona kama amri. Uanze baada ya pigo, sekunde 5 hadi 10 baadaye, na uanze chini kiasi kwamba hajui umeanza lini. Kwenye kawa hukuweka, na hukukosea. Ila ukimya usiwe wa kuzima kabisa njia ya sauti. Hapo watu hudhani spika imekufa na kugeuka nyuma kumtafuta fundi. Ukimya wa filamu una kitu ndani yake. Rudi kwenye nyumba ile ile, usiku, wote mnyamaze, rekodi sekunde 60 za hewa ya mahali: friji ya jirani, chenene, mbwa wa mbali. Ulaze mlio huo chini ya sini nzima. Kisha sauti ya kawa kuguswa na meza irekodi pekee, karibu, sentimita 20 kutoka kwenye maiki. Ukili una mkwaruzo mkavu wa aina yake, na anayeujua akiusikia atakuwa jikoni kwa mama yake mwenyewe kabla hujamwonesha chochote.

Kuhusu makaburini, rai yangu ni uiondoe sini yote. Huenda ilikugharimu siku nzima na mwigizaji akaumia koo. Kama moyo unakataa, basi baki na sekunde 40: kijana anaonekana kwa mgongo akikaribia, mikono yake inang’oa majani juu ya kaburi, na kata kabla kilio hakijaanza. Tafuta kwenye klipu ile sekunde 3 au 4 ambazo alikuwa anavuta pumzi kujiandaa. Mara nyingi huko ndiko kuna uso wa kweli kuliko wa dakika 4 zilizofuata.

Lakini filamu yako ina mwisho mwingine, na umeshauandika nusu bila kujua. Kijana huyu kwa dakika zote 24 hajawahi kufika nyumbani mapema. Mpeleke nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanga wa machweo ukiwa bado mlangoni. Anapakua sahani moja. Anaiweka mezani mahali palepale, na kamera iwe kwenye ile alama ya chokaa. Anaifunika kwa kawa, anakaa pembeni, hali. Kaa na shoti hiyo sekunde 12, kisha giza. Ni jioni moja ya kazi, mtu mmoja mbele ya kamera, sahani moja ya wali. Na mapema kabisa, kwenye dakika ya kwanza au ya pili, mama amuulize mara moja tu, akiwa anakoroga unga na bila kumtazama: “Leo utawahi?”

Ukimaliza, usikimbilie kuonyesha watu 60. Tafuta watano ambao hawajaiona na si wa kundi lenu, wawili kati yao wawe na umri wa mama yule. Zima taa, funga mlango, simu ziwekwe kwenye kikapu. Kaa mbele pembeni ya skrini, uwe unawatazama wao, na daftari mkononi. Kila anayejikuna, kuegemea, au kuangalia pembeni, andika dakika na sekunde. Kila mahali ambapo watano wote wametulia bila kutikisika, andika pia. Ikiisha usiwaulize kama wameipenda, waulize, “Kijana alikuwa anafikiria nini alipofunua kawa?” Wakikujibu maneno matano tofauti, na kila mmoja ana uhakika na la kwake, usiguse tena sini hiyo.